Marekebisho ya Vipuri na Misimbo ya Matengenezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaoitumia programu ya matengenezo kila siku: mpangaji wa kazi, mtunza stoo, fundi anayefunga kadi ya kazi, na yule aliyekabidhiwa orodha za programu azisimamie bila kuulizwa kama anataka. Programu ziko nyingi na kila moja ina vitufe vyake, lakini mambo yanayowachanganya watu ni yaleyale.

Kuna tofauti gani kati ya kutengeneza kipuri, kukibadilisha na kukifanyia marekebisho?

Kutengeneza ni kukirudisha kipuri katika hali kilichokusudiwa kuwa nayo. Sili (kizuia uvujaji) iliyochakaa inatoka, mpya inaingia, pampu inabaki ileile. Kubadilisha ni kutoa kipuri na kuweka kingine mahali pake. Marekebisho yanagusa muundo wenyewe: tundu linatobolewa mahali palipokuwa pazima, beringi ya aina nyingine inawekwa, au kompyuta ya injini inapewa toleo jipya la programu yake. Baada ya hapo mchoro wa zamani haukielezi tena kipuri hicho, na fundi atakayekifungua mwaka ujao akiufuata mchoro huo ataagiza sili isiyoingia.

Kwa hiyo kisanduku kimoja kwenye kadi ya kazi kisibebe yote matatu. Kama programu yenu ina neno moja tu la "imeshughulikiwa", anzieni hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Kipuri kikifanyiwa marekebisho, namba yake ibadilike?

Jiulize maswali matatu: umbo lake ni lilelile? Kinakaa mahali palepale kwa bolti zilezile? Kinafanya kazi ileile kwa kiwango kilekile? Majibu yote yakiwa ndiyo, na kipuri cha zamani na kipya vinaweza kupokezana nafasi bila madhara, hapo namba inabaki na kinachopanda ni toleo tu. Jibu moja likiwa hapana, kipuri hicho kinahitaji namba mpya, au angalau kiambishi kipya mwishoni mwa namba, mfano kutoka -01 kwenda -02.

Uamuzi huu ni wa mtengenezaji au mhandisi mwenye mamlaka ya muundo. Mtunza stoo hana nafasi ya kuamua kwa kuwa eti vipuri viwili "vinafanana kabisa". Vipuri vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa ndani ndivyo hasa mfumo wa namba ulivyotengenezewa. Na kiambishi kisifutwe kwa sababu kinarefusha namba, maana mara nyingi tofauti yote imo humo.

Taarifa za marekebisho ziandikwe wapi: kwenye katalogi, kwenye kipuri, au kwenye mashine?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na ndipo data nyingi zinapoharibikia.

Programu nzuri ina ngazi tatu. Ya kwanza ni katalogi, inayosema kipuri cha namba fulani ni kitu gani. Ya pili ni kipuri chenyewe, kile kimoja chenye namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye kibati chake. Ya tatu ni nafasi kwenye mashine, mfano "pampu ya kulia". Marekebisho yaliyofanyika kwenye pampu moja ni habari ya ngazi ya pili. Yanaifuata pampu hiyo popote iendapo.

Sasa tazama kinachotokea yakiandikwa mahali pengine. Tuseme pampu yenye namba ya mfululizo 0771 imefanyiwa marekebisho ikiwa kwenye mashine ya kwanza, na fundi ameandika "marekebisho yamefanyika" kwenye historia ya mashine. Baada ya muda pampu hiyo inatolewa, inakaa stoo, kisha inafungwa kwenye mashine ya tatu. Mashine ya kwanza imepewa pampu nyingine ambayo haijaguswa. Programu itasema mashine ya kwanza iko sawa, na si kweli. Itasema mashine ya tatu bado inadaiwa marekebisho, na hilo pia si kweli. Hakuna aliyedanganya, kila mtu aliandika alichokiona, ila alikiandika mahali pasipo pake.

Kuandika kwenye katalogi ni kosa la aina nyingine: vipuri vyote vya namba hiyo vinahesabiwa kuwa vimeshafanyiwa kazi kwa sababu kimoja kimefanyiwa.

Kuna marekebisho ambayo kweli ni ya mashine, kama vile njia mpya ya kupitisha waya au kishikizo kilichochomelewa kwenye fremu. Hayo yakae kwenye mashine. Kipimo ni chepesi: kipuri kikiondoka, je, marekebisho yanaondoka nacho?

Vipi kuhusu vipuri visivyo na namba ya mfululizo?

Tumieni namba ya kundi la uzalishaji, na msichanganye makundi kwenye boksi moja. Kwa bolti na nati za kawaida msijisumbue.

Mbadala wa upande mmoja ni nini, na ninauingizaje kwenye programu?

Ni pale kipuri kipya kinapoweza kukaa mahali pa cha zamani, lakini cha zamani hakiruhusiwi kukaa mahali pa kipya. Hutokea sana. Mtengenezaji anatoa valvu imara zaidi inayokubalika kwenye mashine zote, kisha mashine mpya zinatoka kiwandani zikiwa na shinikizo ambalo valvu ya zamani haiwezi kulistahimili.

Programu nyingi hukuuliza uchague kati ya "vinabadilishana" na "kipya kinarithi cha zamani". Ukichagua cha kwanza kwa haraka, siku moja stoo itatoa valvu dhaifu kwa mashine yenye nguvu, na skrini haitatoa onyo lolote. Weka uhusiano wa njia moja, kisha ujaribu kwa makusudi: fungua kadi ya kazi ya mashine mpya na uombe kipuri cha zamani. Programu ikikubali, bado hujamaliza.

Rekebisha pia kiwango cha chini cha stoo. Namba ya zamani ikiachiwa kiwango chake, programu itaendelea kuagiza vipuri ambavyo hakuna anayevitaka, na itafanya hivyo kwa uaminifu mkubwa.

Tuna vipuri vya toleo la zamani kwenye rafu. Tuvitupe?

Inategemea sababu ya marekebisho. Kama ni ya kupunguza gharama au kurahisisha ufungaji, tumieni vya zamani hadi viishe. Kama ni ya kuongeza umri wa kipuri, pangeni vipya viingie kwenye mashine zinazofanya kazi ngumu kwanza. Kama ni ya usalama, vya zamani vitoke kwenye rafu siku hiyohiyo, viwekwe mahali pa kusubiri uamuzi, na kwenye programu vipewe hali inayozuia kutolewa. Kuvihamisha kwa mikono bila kuvifungia kwenye programu hakutoshi, kwa sababu fundi wa zamu ya usiku husoma skrini.

Tumenunua seti ya marekebisho. Inaingizwaje?

Seti ni kifungashio chenye vitu vya kukigeuza kipuri cha -01 kuwa -02. Itolewe stoo kama kitu kinachotumika kwenye kadi ya kazi. Kisha kipuri chenyewe kibadilishiwe utambulisho: namba mpya ya kipuri, namba ya mfululizo ileile, historia ileile.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kuandika kwamba -01 imetupwa na -02 imepokelewa mpya. Hesabu ya stoo inakaa sawa, mhasibu anaridhika, lakini saa zote za kazi za kipuri kile zimepotea. Kipuri chenye saa elfu tisa kinaonekana kimezaliwa leo. Kama programu haina kitendo cha kubadili utambulisho, isajilini -02 kwa mkono, ihamishieni saa za -01, na mwandike kwenye kadi zote mbili ilikotoka na ilikokwenda.

Kwa hiyo saa hazirudi sifuri baada ya marekebisho?

Hazirudi. Weka vihesabio viwili: saa tangu kipuri kilipokuwa kipya na saa tangu kilipofumuliwa chote na kukarabatiwa. Cha pili kinaweza kuanza upya baada ya ukarabati mkubwa. Cha kwanza hakirudi nyuma. Kwa vipuri vyenye ukomo wa maisha, kama diski za injini za ndege ambazo huhesabiwa kwa mizunguko, hakuna ukarabati unaorudisha umri. Marekebisho yanaweza kubadili ukomo wenyewe, lakini pale tu hati ya mtengenezaji inaposema hivyo.

Waraka wa mtengenezaji na agizo la mamlaka vina uzito sawa?

Hapana. Katika usafiri wa anga, waraka wa kiufundi wa mtengenezaji kwa kawaida ni pendekezo, hata ukiandikwa kwa herufi kubwa. Agizo la usalama linalotolewa na mamlaka kama FAA ya Marekani au EASA ya Ulaya ni lazima, na mara nyingi agizo hilo hulazimisha kazi ileile iliyokuwa kwenye waraka. Programu iwe na rekodi mbili zilizounganishwa, kwa sababu tarehe ya mwisho ni ya agizo na maelezo ya kazi ni ya waraka.

Kwa kila waraka, kila kipuri kinachoweza kuguswa kiwe na hali yake: hakihusiki, kinasubiri, kimefanyiwa, au kimefanyiwa kwa njia nyingine iliyoidhinishwa. Kisichohusika kiandikiwe sababu, kwa mfano "namba ya mfululizo iko nje ya kundi lililotajwa". Mkaguzi hasumbuliwi na neno "hakihusiki". Anasumbuliwa na "hakihusiki" lisilo na maelezo.

Kipuri cha ndege kikija kutoka karakana ya nje, someni sehemu ya maelezo kwenye cheti chake, iwe ni EASA Form 1 au FAA 8130-3. Orodha ya marekebisho yaliyofanyika huandikwa hapo. Watu huingiza namba ya kipuri, wanaambatisha picha ya cheti, na kuyaacha yale ya maana ndani ya picha ambayo programu haiwezi kuitafuta.

Misimbo ya matengenezo ni nini hasa?

Ni lugha fupi ya kueleza kazi ili iweze kuhesabiwa. Maelezo ya fundi, "ilikuwa inapiga kelele nimekaza", yana thamani yake, lakini hayawezi kujumlishwa na kazi nyingine mia tano.

Kuna mifumo iliyokwisha kupangwa, na kabla ya kubuni wenu, angalieni hiyo. Kwenye malori na mabasi kuna VMRS, iliyoanzishwa mwaka 1970 na umoja wa wasafirishaji wa malori wa Marekani. Msimbo wake kamili wa kipuri una tarakimu 9 katika mafungu matatu: mfumo, mkusanyiko wa vipuri, kisha kipuri chenyewe. Breki ni 013, matairi 017, injini 045. Ina pia misimbo ya sababu ya gari kuletwa, kazi iliyofanyika na aina ya hitilafu. Kwenye ndege kuna sura za ATA 100, zilizoanza mwaka 1956, ambapo sura ya 32 ni magurudumu na miguu ya kutua na 24 ni umeme. Viwanda vya mafuta na gesi vina ISO 14224, iliyotoka kwanza mwaka 1999. Cha kujifunza kutoka ISO 14224, hata kama hamchimbi mafuta, ni jinsi inavyotenganisha namna kifaa kilivyoshindwa kazi, kilichotokea ndani yake, na chanzo chake.

Kwa nini kutenganisha? Msimbo mmoja hautoshi?

Hautoshi, kwa sababu watu tofauti wanajua mambo tofauti kwa wakati tofauti. Mwendeshaji anajua dalili: pampu inavuja. Hajui zaidi ya hapo na asilazimishwe kukisia. Fundi akiifungua anaona kilichoharibika: sili imekatika. Na pengine, baada ya kupima, anapata chanzo: shafti haijanyooka na mota.

Ukiwa na msimbo mmoja tu, "sili", utabadilisha sili mwaka mzima na ripoti itakuambia ununue sili bora. Dalili iingizwe kazi inapofunguliwa, mengine yaingizwe inapofungwa. Na chanzo kiruhusiwe kubaki "bado hakijajulikana", maana fundi akilazimishwa kuchagua, atachagua.

Tuwe na misimbo mingapi?

Michache kuliko mnavyofikiri. Orodha ambayo haionekani yote kwenye skrini moja ya simu haisomwi. Fundi mwenye grisi mkononi anachukua cha juu. Njia ya kufaa ni kuichuja kwa aina ya kifaa, ili anayefunga kazi ya pampu aone hitilafu za pampu tu. Orodha ya jumla inaweza kuwa ndefu, mradi kila mtu anaona kipande chake.

Kabla ya kuongeza msimbo, uliza: ukijaa kwenye ripoti, tutafanya nini tofauti? Asipopatikana wa kujibu, usiongezwe.

"Nyingineyo" iwepo au isiwepo?

Iwepo, lakini idai maelezo. Ukiiondoa, watu hawataanza kuchagua kwa usahihi. Watahamia kwenye msimbo ulio karibu, na hapo hamtaona tena tatizo. Ikiwepo, inaweza kusomwa mara kwa mara. Maelezo yanayojirudia humo ndiyo misimbo mnayoikosa.

Kipuri kimetolewa, kimepimwa, hakina tatizo. Niandike nini?

Andika hivyo hivyo: hakuna hitilafu iliyopatikana. Huu ni msimbo halali, na ninaona ni miongoni mwa yenye faida kubwa zaidi, ingawa mafundi huukwepa wakidhani unaonyesha hawajui kazi. Badala yake wanaandika "kimesafishwa" au wanabadilisha kitu kidogo ili kadi isionekane tupu.

Msimbo huu ukijikusanya kwenye nafasi moja ya mashine huku vipuri vyenyewe vikitofautiana, tatizo liko nje ya kipuri: waya, plagi, au sensa inayodanganya. Ukijikusanya kwenye namba moja ya mfululizo inayozunguka kutoka mashine hadi mashine, basi kipuri hicho kina ugonjwa ambao meza ya majaribio haiuoni, na kinastahili kuondolewa kwenye mzunguko. Utaweza kutofautisha haya mawili pale tu namba za mfululizo zinapoandikwa kila kipuri kinapotolewa na kufungwa.

Msimbo unaotolewa na kompyuta ya gari ndio msimbo wa matengenezo?

Sio. P0300 inasema injini inakosa kuwaka kwenye silinda mbalimbali bila mpangilio. Inaweza kuwa plagi, koili, mafuta, au hewa inayoingia pasipostahili. Kwenye magari makubwa yanayotumia J1939 (kiwango cha mawasiliano kati ya kompyuta za gari) utapata namba ya kinachopimwa na namba ya aina ya tatizo. Aina ya 4, kwa mfano, ni volti iliyo chini ya kawaida. Zote ni dalili. Ziwekewe kisanduku chake kama ushahidi, na msiziruhusu zijaze zenyewe sehemu ya chanzo, hata kama programu inajigamba kwamba inaweza.

Toleo la programu ndani ya kifaa lihesabiwe kama marekebisho?

Ndiyo, na lihesabiwe kwenye namba ya mfululizo. Kompyuta mbili zenye namba ileile ya kipuri na matoleo mawili tofauti ni vipuri viwili tofauti.

Msimbo umepitwa na wakati. Niufute?

Usiufute. Uzime, ili usichaguliwe tena lakini kazi za zamani ziendelee kuusoma. Usibadilishe maana yake pia: msimbo 27 uliokuwa "kutu" ukiugeuza kuwa "ufa", kazi zote za zamani za kutu zimegeuka nyufa. Fungua mpya, na uandike tarehe ya mabadiliko.

Nani aruhusiwe kubadili orodha hizi?

Mtu mmoja kwa misimbo, mmoja kwa katalogi, na kila mmoja awe na wa kumshikia nafasi. Wengine wote waombe. Ombi likikaa muda mrefu bila jibu watu watatafuta uchochoro, kwa hiyo lijibiwe upesi, hata kama jibu ni hapana.

Nikipitisha data kwenye Excel niangalie nini?

Sifuri za mwanzo. 013 inageuka 13, na breki zote zimepotea kwenye ripoti. Namba kama 12E4 inasomwa kuwa 120000. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inabadilishiwa za mwisho kuwa sifuri. Namba kama 3-12 inaweza kuwa tarehe. Tatizo hili si la mafundi peke yao: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya baadhi yake kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Weka safu zote za namba kuwa maandishi kabla ya kubandika, maana ukibadili baadaye sifuri hazirudi.

Nitajuaje kama misimbo inatumiwa kwa uaminifu?

Angalia kama msimbo wa kwanza kwenye orodha ndio unaoongoza. Upange orodha kinyume kwa muda. Kama kinara amebadilika, watu hawasomi. Angalia kazi zilizofungwa kwa mkupuo mwishoni mwa zamu, zote zikiwa na msimbo mmoja. Kisha chukua kadi chache, usome maelezo ya fundi kwanza na msimbo baadaye, uone kama vinaelezana.

Kabla ya kumlaumu mtu, kaa naye akifunga kazi moja. Mara nyingi utakuta skrini inamrudisha mwanzo akikosea, au msimbo anaoutaka umefichwa chini ya mkusanyiko ambao hakuna fundi angeutafutia huko.

Tunahamia programu nyingine. Tuhamishe historia yote?

Vipuri vyenye namba ya mfululizo vihame na kila kitu: saa, marekebisho, nyaraka. Kazi za kawaida za miaka ya nyuma zinaweza kubaki kwenye hifadhi inayosomeka. Kwa misimbo, tengenezeni jedwali la wa zamani na wa kuurithi. Wa zamani mmoja ukigawanyika kuwa mipya miwili, msikisie. Hamisheni kazi hizo zikiwa na msimbo wa zamani uliozimwa. Halafu, kabla ya kuzima programu ya kwanza, nendeni kwenye mashine na vibati kadhaa mkavisome kwa macho, kisha mlinganishe na skrini mpya.